Jinsi ya kutafsiri kielezi "kimwili" kutoka lugha moja hadi nyingine

Wanaofanya kazi ya kutafsiri magharibi mwa Kenya, wawe wakalimani wa ibada mjini Kakamega, makarani wa vyama vya akiba na mikopo Nakuru, au wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba Kisumu, hukutana mara kwa mara na kielezi kimoja cha Kiingereza kinachoonekana chepesi: "physically". Kamusi hulijibu kwa neno moja, kimwili, na mfasiri mwenye haraka huliandika na kuendelea na sentensi inayofuata. Jibu hilo ni sahihi katika baadhi ya sentensi, linapotosha katika nyingine, na katika chache linamwaibisha msomaji aliyekusudiwa kusaidiwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutambua ni wakati gani kimwili linafaa, ni wakati gani liachwe, na lugha nyingine za dunia zimefanya nini zilipokabiliwa na kazi hiyo hiyo.

Kwanza ifahamike kwamba neno hilo la Kiingereza halikuzaliwa na mwili. Asili yake ni Kigiriki physis, yaani maumbile, au hali ya vitu kama vilivyo. Kwa hiyo limebeba mambo mengi kwa pamoja: mwili wa mtu, vitu vinavyoshikika, kuwapo mahali, matumizi ya nguvu, na yale ambayo kanuni za maumbile zinaruhusu au kukataza. Mwili wa Kiswahili haukuumbiwa kubeba mzigo wote huo, na hakuna sababu ya kuulazimisha.

Uliza kwanza: kinyume cha nini?

Kabla ya kufungua kamusi, tafuta jambo ambalo kielezi hicho kinalipinga ndani ya sentensi. Kila mara mwandishi anapoongeza neno hilo huwa ana kinyume chake akilini, hata kama hakukitaja, na kinyume hicho ndicho kitakachokupa tafsiri.

Ripoti ikisema kwamba mgonjwa amepona "physically" lakini bado hapati usingizi kwa hofu, kinyume ni akili na nafsi, na hapo kimwili ndilo neno lenyewe. Tangazo likisema kwamba wanachama wahudhurie mkutano mkuu kwa namna hiyo, kinyume ni simu na mtandao, na tafsiri ni kufika wao wenyewe ukumbini. Ofisi ikitaka hati ziwasilishwe kwa namna hiyo, kinyume ni barua pepe, na tafsiri ni nakala za karatasi zinazoletwa kwa mkono. Shahidi akieleza kwamba mlinzi alimwondoa mtu kwa namna hiyo, kinyume ni maneno matupu, na tafsiri ni kwamba alimshika akamtoa kwa nguvu. Dereva akisema kwamba kutoka Nakuru hadi Busia kwa saa moja haiwezekani kwa namna hiyo, kinyume ni ugumu wa kawaida ambao mtu angeweza kuushinda kwa bidii, na Kiswahili kinasema haiwezekani kwa vyovyote. Kati ya sentensi hizo tano, ni moja tu iliyohitaji neno mwili.

Hali ni hiyo hiyo katika maneno ya kikazi. Mwombaji kazi anayetakiwa kuwa "physically fit" ni mtu mkakamavu, mwenye siha njema. Mtu anayetajwa kuwa na upungufu wa aina hiyo ni mtu mwenye ulemavu wa viungo. Anwani ya aina hiyo ni mahali ofisi ilipo, yaani barabara, jengo na orofa, tofauti na sanduku la posta. Viungo, siha, nguvu, mkono, karatasi na mahali ni maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kwa muda mrefu kutaja sura mbalimbali za jambo ambalo Kiingereza kinalifunga chini ya jina moja.

Mtego wa kukutana

Sehemu hii inahitaji uangalifu kuliko nyingine zote. Tangu mikutano ya mtandaoni ienee mwaka 2020, matangazo mengi yamelazimika kutofautisha mkutano wa ukumbini na ule wa simu, na baadhi ya waandishi wameandika kwamba wanachama "watakutana kimwili" siku ya Jumamosi. Msemaji yeyote wa Kiswahili anajua kwamba kukutana kimwili ni tasfida ya tendo la ndoa. Washauri wa ndoa hulitumia hivyo, wahubiri hulitumia hivyo, na magazeti pia. "Uhusiano wa kimwili" nao una maana hiyo hiyo. Tangazo la namna hiyo likibandikwa kwenye ubao wa chama, wazee wataliangalia mara moja na kugeuza nyuso, na katibu atabaki akishangaa kwa nini.

Mtego huu si wa Kiswahili pekee. Katika Kihindi, śārīrik rūp se ndicho kielezi cha kawaida cha mwili, na kinafaa kabisa katika ripoti ya daktari, lakini śārīrik sambandh, uhusiano wa kimwili, ni tendo la ndoa. Kijapani kina shintaiteki ni kwa mwili katika maana ya afya, na kina neno nikutai kwa mwili kama nyama na hisia zake, ambapo nikutai kankei ni uhusiano wa kimapenzi wa kitandani. Watu walio mbali hivyo, bila kuigana, wameufanya mwili kuwa pazia la kusitiri jambo lile lile. Mfasiri anayejifunza lugha mpya, basi, ajenge mazoea ya kuchunguza jambo hili mapema: kivumishi cha mwili kikiwekwa karibu na neno uhusiano au kukutana, kinageuka kuwa nini? Kisumu, ambako wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi wameishi tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, si vigumu kumpata mtu wa kuulizwa kuhusu Kihindi au Kigujarati.

Kwa kuwapo mahali, lugha nyingi zimeuacha mwili kando na kulishika wazo la kuhudhuria, wazo la uso, au wazo la nafsi. Kifaransa husema en personne, na kwa masomo na mikutano husema en présentiel. Kihispania husema de forma presencial, na Kireno presencialmente. Kijerumani husema persönlich ikiwa mtu anatakiwa kuja mwenyewe, na vor Ort ikiwa muhimu ni mahali. Kiindonesia husema tatap muka, kutazamana nyuso, ambayo inakaribia mno uso kwa uso ya kwetu. Kichina husema qinzi kwa jambo ambalo mtu analifanya yeye mwenyewe bila kumtuma mwingine, na dangmian kwa jambo linalofanyika watu wakiwa wameelekeana.

Kiarabu nacho husema ḥuḍūriyyan, na mfano huu unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu mzizi wake ndio uliotupa kitenzi kuhudhuria. Kwa maneno mengine, anayeandika "kuhudhuria kimwili" tayari amekwisha kusema kuwapo mara moja, kisha analiongeza neno la pili kwa kuhofia kwamba la kwanza halikutosha. Palipo na haja ya kutofautisha na mtandao, njia nyepesi ni kutaja mahali: mwanachama anaweza kuhudhuria ukumbini au kwa njia ya simu. Palipo na haja ya kusisitiza kwamba mtu asitume mwakilishi, neno mwenyewe linatosha. Palipo na mazungumzo ya watu wawili, kama vile usaili wa kazi, ana kwa ana ndilo neno la siku zote, na sioni sababu ya kulitafutia mbadala.

Kuna jambo jingine linalofanya mwili kuwa neno zito katika matangazo ya eneo hili. Katika matangazo ya mazishi, mwili ni maiti. Tunasoma kwamba mwili utaondoka katika chumba cha kuhifadhia maiti siku ya Alhamisi na kuwasili nyumbani jioni, na hakuna anayehitaji ufafanuzi. Corps ya Kifaransa hutumika kwa aliye hai na kwa aliyefariki, na jasad ya Kiarabu vilevile. Kihispania kina msemo de cuerpo presente, ambao kwa neno moja moja ni "kwa mwili uliopo". Anayeutegemea umbo lake atadhani unafaa kwa mkutano wa ukumbini, ilhali hutumika kwa marehemu aliyelazwa mbele ya waombolezaji kabla ya kuzikwa. Msemo unaofanana sana na ule unaoutafuta ndio unaopaswa kuchunguzwa zaidi.

Katika fomu ya kliniki

Tuchukue swali ambalo mhudumu wa afya huenda akatakiwa kumwuliza mama: je, umewahi kuumizwa kimwili na mtu wa nyumbani mwako? Kisarufi swali hilo halina kasoro. Tatizo lake ni kwamba kila msikilizaji analijaza kwa kipimo chake. Mwingine ataona kwamba kofi si kuumizwa, kwa sababu hakuna jeraha lililobaki, na mwingine atajibu kuhusu ajali ya pikipiki ya mwenzi wake.

Tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, ukiwemo ule wa Kenya wa mwaka 2022, zina njia bora zaidi katika sehemu inayohusu dhuluma za nyumbani: kielezi kinaachwa na vitendo vinatajwa kimoja kimoja. Je, amewahi kukusukuma, kukutikisa au kukutupia kitu? Amewahi kukupiga kofi? Kukukunja mkono au kukuvuta nywele? Kukupiga ngumi? Kukupiga teke, kukuburuta? Kukukaba koo au kukuchoma? Maswali ya namna hii yanatafsirika kwa Kidholuo, kwa Lubukusu au kwa Kikalenjin bila mabishano, kwa kuwa kila lugha ina kitenzi cha kusukuma na kitenzi cha kukaba. Mfasiri aliyepewa fomu yenye kielezi cha jumla na awe na ujasiri wa kumrudia aliyeiandika na kumwuliza ni vitendo gani hasa alivyokusudia. Hiyo ni sehemu ya kazi, wala si ukaidi.

Matini za sheria ni tofauti, kwa sababu ndani yake ujumla wenyewe ndio unaotakiwa. Ibara ya 29 ya Katiba ya Kenya inakataza mateso ya namna yoyote, yawe ya kimwili au ya kisaikolojia, na ukianza kuorodhesha vitendo utakuwa umeupunguza ulinzi wake. Ibara hiyo hiyo inakataza pia adhabu ya kuumiza mwili, ambayo watu wengi huiita adhabu ya viboko. Jina hilo linaeleweka haraka, ila katika hati rasmi ni finyu, kwa kuwa kumpigisha mtu magoti kwenye kokoto kwa saa nzima hakuna kiboko ndani yake na bado ni adhabu ya mwili.

Mwaka huo wa 2020 ulitoa funzo jingine. Mwezi Machi Shirika la Afya Duniani lilianza kupendelea kusema umbali wa kimwili badala ya umbali wa kijamii, kwa nia ya kueleza kwamba watu wasikaribiane kwa miili lakini wasiache kujuliana hali. Wafaransa walipata distanciation physique kando ya distanciation sociale. Katika Kiswahili, agizo lililoeleweka kwenye foleni za soko na vituo vya matatu ni lile lililotaja kipimo: kaa umbali wa mita moja na nusu kutoka kwa mwenzako. Kielezi kilitoweka na maana ikabaki nzima.

Kielezi kimoja katika aya moja

Anayetaka kuona namna lugha mbalimbali zinavyolishughulikia jambo hili ana nyenzo karibu naye, nayo ni Waraka kwa Wakolosai, sura ya 2, aya ya 9. Hapo Paulo ametumia kielezi cha Kigiriki sōmatikōs, kilichotokana na sōma, mwili, na katika Agano Jipya lote kielezi hicho kimetokea mara hiyo moja tu. Katika tafsiri za Biblia, Kilatini cha Vulgata kikasema corporaliter, Kifaransa cha Segond corporellement, Kihispania cha Reina-Valera corporalmente. Luther, aliyetafsiri Biblia kwa Kijerumani, akachagua leibhaftig. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ikasema "kwa jinsi ya kimwili".

Uchaguzi wa Luther unafundisha zaidi kuliko mingine. Kijerumani kina Körper, neno lililokopwa kutoka Kilatini, na kina Leib, neno la asili lenye udugu na neno la uhai. Körperlich ndilo la daktari na la mwalimu wa michezo. Leibhaftig ni kuwapo kweli, kwa nafsi na umbo, na ndiyo sababu Wajerumani humwita shetani der Leibhaftige, yule mwenyewe hasa. Anayejaza fomu ya hospitali kwa Kijerumani asithubutu kulitumia, na anayetafsiri aya ile ya Wakolosai kwa körperlich atakuwa ameikausha. Nao watafsiri wa Kiswahili waliongeza "kwa jinsi ya" mbele ya kimwili, hatua ambayo mimi naiona kuwa ya busara, kwa sababu Paulo huyo huyo ana neno la pili, sarx, mwili kama nyama na tamaa zake, na Kiswahili hulitafsiri hilo pia kuwa mwili. Muumini aliyezoea kusikia kwamba mambo ya kimwili ni kinyume cha mambo ya kiroho angeweza kuisoma aya hiyo kwa mashaka. Mkalimani wa mahubiri akumbuke tofauti hiyo kila mara: mhubiri akitaja mwili, je, ni mwili ulioumbwa, au ni mwili unaoshindana na roho?

Namna kielezi kinavyoundwa

Baada ya kuchagua neno, kuna umbo lake. Kiswahili huweka ki- mbele ya nomino, na vielezi vikifuatana kila kimoja hubeba ki- yake: kimwili, kiakili na kijamii. Kihispania ni kinyume. Vielezi viwili vikiunganishwa, cha kwanza huacha mwisho wake: física y mentalmente. Kifaransa hakifanyi hivyo, bali huandika vyote kwa ukamilifu, physiquement et mentalement. Mwisho huo -mente au -ment umetokana na neno la Kilatini la akili, mens, hivi kwamba kielezi cha mwili katika lugha hizo kinatembea na akili mkiani. Kijerumani hakiongezi chochote, na körperlich ni kivumishi na kielezi kwa wakati mmoja. Kiarabu hufunga kwa -an, kama katika jasadiyyan na badaniyyan, na Kituruki kimeukopa mwisho huo pamoja na neno lake katika bedenen, ingawa siku hizi fiziksel olarak husikika zaidi. Neno badan lenyewe lilifika pwani yetu pia, na mafundi cherehani wanalijua kama badani, sehemu ya kanzu inayofunika kiwiliwili. Kiindonesia hutanguliza secara, kama katika secara fisik, lakini katika masharti ya kazi utakutana na jasmani dan rohani, mwili na roho. Kizulu husema ngokomzimba.

Lugha za jirani zisiachwe nyuma. Mwili wa Kiswahili, kumubili wa Lubukusu, omubiri wa Luganda na mwĩrĩ wa Kikuyu ni neno moja lililopita katika vinywa tofauti, jambo linalomfanya mfasiri kuamini kwamba matumizi pia ni yale yale. Asiamini bila kuuliza. Kidholuo hakina udugu huo. Mahali ambapo Kiswahili cha kanisani kinasema kimwili na kiroho, Kidholuo husema e yor ringruok na e yor chuny, kwa njia ya mwili na kwa njia ya moyo. Lakini mgonjwa mwenye homa huzungumzia del, na mtu akisema dende liet anamaanisha kwamba mwili wa fulani una joto. Ukitafsiri kijitabu cha malaria kwa ringruok kila mahali, utakuwa umempa msomaji sauti ya mimbari pale alipotarajia sauti ya muuguzi. Na kwa kuja mwenyewe, Kidholuo kina owuon: ne obiro owuon, alikuja yeye mwenyewe, bila mwili kutajwa popote.

Kuijaribu tafsiri

Programu za tafsiri za simu zinasaidia endapo zitapewa sentensi nzima pamoja na ile iliyotangulia. Zikipewa kielezi peke yake zitarudisha neno la kwanza la kamusi, na umekwisha kuona neno hilo linaweza kumpeleka mtu wapi. Baada ya hapo, msomee tafsiri mtu ambaye hajaiona matini ya asili, kisha usimwulize kama ameelewa, kwa sababu heshima itamfanya aseme ndiyo. Mwulize atafanya nini baada ya kusikia maneno hayo. Akisema kwamba Jumamosi atafika ukumbini yeye mwenyewe, na nakala ya karatasi mkononi, tangazo liko tayari kubandikwa.